Tarehe Mosi Kila Mtu Ana Msiba

Mimi si mbahili. Hilo jina kanipa Mama Zai, na majirani wamelipokea kwa mikono miwili, eti kwa sababu kila nikinunua umeme naandika kwenye daftari.

Daftari limeanza Agosti 2021, mwezi ambao kodi ya jengo ilihamia kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla. Nimetuma elfu tano, unit zilizorudi ni za elfu nne. Nikajua nimetapeliwa. Kijana wa dukani akanisomea meseji taratibu, kama anamsomea mgonjwa majibu: VAT asilimia 18, REA, ya umeme vijijini, asilimia 3, EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, asilimia 1, halafu elfu moja ya jengo. Jengo gani? Mimi nimepanga chumba na sebule Mbagala! Mwenye jengo anakaa Kibaha, analala usingizi wa pono. Nikampigia nimwombe aikate kwenye pango. Alicheka mpaka salio langu likaisha.

Julai 2023 hiyo kodi ya jengo ikapanda, ikawa 1,500 kwa mwezi. Hapo ndipo nyumba yetu ilipojaa wajanja. Wapangaji sita, mita moja, na makato humwangukia anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Tarehe 30 watu wanapigana vikumbo kununua umeme. Tarehe mosi kila mtu ana msiba. Yule wa chumba cha pili, mwenye friji la barafu za ubuyu linalonguruma usiku kucha kama trekta, kafiwa na bibi mara nne mwaka huu. Mara nne! Na kwa friji lile, ile bei nafuu ya wasiovuka unit 75 kwa mwezi sisi tunaisikia redioni tu. Elfu kumi yangu inaleta unit 28, Ijumaa mita inalia pii-pii.

Ukurasa wa maji sipendi kuufungua, lakini kwa kuwa mmeuliza. (Hamjauliza, najua.) Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua, Dar ikaingia kwenye mgao, nikawa nanunua maji kwa muuza mkokoteni, dumu 500. Unit moja ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu hamsini. Piga hesabu: 25,000, kwa maji ambayo bombani yasingefika hata 2,000. Na bado mwisho wa mwezi ankara ikaja! Ya nini? Usiku bomba lilikuwa linakoroma, linatoa upepo, na mita inazunguka kama feni. Nimeoga kwa kikombe mwezi mzima, halafu nimelipia upepo. Nilipokwenda kulalamika nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Barua nayo iko kwenye daftari: karatasi, peni, nauli ya kwenda na kurudi.

Juzi tarehe 31 nikasema nami nitakuwa mjanja. Saa tano na dakika hamsini usiku nikatuma elfu kumi ili mwezi usinikute. Mtandao ukaanza kuzunguka. Mara umeme ukakatika, na wakati huohuo, baada ya siku tisa, maji yakatoka. Giza totoro, Mama Zai anatafuta ndoo kwa miguu, mimi nimeshika simu yenye chaji asilimia tatu. Meseji ikaingia saa sita na dakika mbili. Wamekata 1,500.

Zai akawa ananisomea tokeni, tarakimu ishirini, nami nabonyeza kwa kupapasa. Tumefika ya kumi na saba, simu ikazima. Nje ndoo zinafurika, maji yanapita mlangoni kwa chumba cha pili, na yule bwana yuko dirishani ananiuliza kwa upole:

"Baba Zai, umeshanunua umeme? Maana mimi asubuhi nina msiba."