Mkaguzi wa famasia aanze na friji

Famasia nyingi za mtaani hukaguliwa ukutani. Mkaguzi anaingia, anatazama leseni, cheti cha mfamasia, usafi wa sakafu na mpangilio wa rafu, kisha anasaini na kwenda zake. Siyapuuzi hayo. Duka lisilo na leseni halina haki ya kuuza hata kidonge cha maumivu. Ila hatari kubwa kwa mgonjwa haibandikwi ukutani.

Kama ningepewa kauli, mkaguzi angeanza na friji. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena. Kinachotisha ni kwamba chupa inaweza kuonekana ileile. Mgonjwa wa kisukari atajidunga dozi aliyoandikiwa, kwa saa yake, na sukari isishuke. Mwishowe ataambiwa hafuati masharti ya chakula. Kwa hiyo daftari la joto lisomwe, isitoshe kuulizwa kama lipo. Ukurasa mzima ulioandikwa nyuzi 4 asubuhi na nyuzi 4 jioni, wino uleule, mwandiko uleule, hata siku ambayo umeme ulikatika tangu alfajiri, huo umejazwa kwa mkupuo, na duka hilo lijibu.

Baada ya friji, namba za toleo, yaani namba zinazotambulisha dawa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizopatikana Gambia, zikiwa na kemikali zinazoharibu figo, baada ya watoto wengi kufariki. Tahadhari kama hiyo ikitoka leo, famasia yako inaweza kusema ilipokea chupa ngapi za toleo hilo, kutoka kwa nani, na zimebaki ngapi? Mkaguzi achague dawa moja rafuni, ataje namba yake, aombe ankara ya manunuzi. Dawa isiyo na ankara imetoka wapi?

Halafu kuna kaunta, na hapa ndipo ukaguzi wa kutangaza unaposhindwa kabisa. Mbele ya mgeni mwenye kitambulisho, kila muuzaji huuliza umri wa mtoto, uzito wake, na kama ana mzio. Siku nyingine mama anakabidhiwa antibayotiki ya unga bila kuelezwa achanganye na maji safi kiasi gani, atikise chupa kila mara, na amwage kinachobaki baada ya siku zilizoandikwa. Mwongozo wa utoaji huduma bora wa famasia, uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia, unataka ustawi wa mgonjwa uwe jambo la kwanza kwa mfamasia popote alipo. Hilo utalipimaje kwa kuhesabu vyeti? Mkaguzi aje kama mteja wa kawaida, aombe antibayotiki bila cheti cha daktari, aone kama atauziwa.

Wapo wafamasia wanaokataa kuuza hivyo, na wateja wao wanahamia duka la pili. Hao wanaumizwa na ukaguzi mlegevu kuliko mtu yeyote. Matokeo ya ukaguzi yabandikwe mlangoni kwa lugha ambayo mteja anaisoma: tarehe, kasoro zilizokutwa, na siku ya mwisho ya kuzirekebisha.