Homer hakuking'oa kile kibao

Kuna picha moja ya katuni ambayo huenda umeshaiona hata kama hujawahi kukaa kitako kuitazama The Simpsons, mfululizo wa katuni wa Marekani kuhusu familia moja. Ni ukuta ulio mbele ya meza ya kazi ya Homer, baba wa familia hiyo. Umejaa picha za mtoto mchanga, na katikati ya picha hizo yamebaki maneno machache tu: "Fanya kwa ajili yake." Watu hutumiana picha hiyo kila kukicha. Mzazi aliyechoka huiweka kwenye simu yake, mwingine huiga mpangilio wake kwa picha za mwanawe, za mchumba wake, hata za paka. Siwalaumu, maana inagusa. Ila huniuma kuiona ikizunguka peke yake, kwa sababu zile ni sekunde za mwisho za hadithi ya dakika ishirini na ushee, na ukizikata yale yaliyotangulia hazisemi hata nusu ya kile zinachosema.

Sehemu yenyewe inaitwa "And Maggie Makes Three". Ilirushwa na kituo cha televisheni cha Fox huko Marekani tarehe 22 Januari 1995, katika msimu wa sita. Mwandishi ni Jennifer Crittenden, mwongozaji ni Swinton O. Scott III. Wengi huikumbuka kama hadithi ya mtoto kuzaliwa. Mimi naiona kama hadithi ya mtu aliyekipata kile alichokitaka maishani, akakishika mkononi, kisha akalazimika kukiachia. Upendo unaokuja baadaye haumrudishii alichokiacha. Hilo ndilo linalonifanya niirudie kila baada ya muda, na ndilo linalopotea pale picha ya mwisho inapokatwa na kusambazwa.

Inaanza na swali dogo la watoto. Albamu ya familia imefunguliwa, kurasa zinapekuliwa, na watoto wakubwa wa Homer, Bart na Lisa, wanashangaa: mbona hakuna picha hata moja ya mdogo wao Maggie? Homer anaanza kusimulia. Waliofuatilia tangu mwanzo wanajua kwamba hao wawili walishasimuliwa habari za kuzaliwa kwao: Bart katika "I Married Marge" ya mwaka 1991, Lisa katika "Lisa's First Word" ya mwaka 1992. Ile ya Bart ina jambo la kukumbuka hapa. Homer aliingia kwenye kinu cha nyuklia kwa sababu Marge, mama wa watoto hao, alikuwa na mimba na mfukoni hakukuwa na kitu. Hakukipenda kinu. Kazi ile ilimjia pamoja na mtoto wa kwanza, na miaka yote akaivaa kama kiatu kisichomtosha.

Sasa tunamkuta amelipa deni lake la mwisho. Amepiga hesabu zake, ameona kwamba akiishi kwa uangalifu anaweza kuitunza familia kwa mshahara mdogo, na hapo hapo anaacha kazi. Anaachaje? Anapiga kichwa cha bosi wake, Bw. Burns, kwa viganja viwili kama mtu apigaye ngoma. Akiondoka anatia moto kidaraja alichopitia, kiwake nyuma yake. Wahenga walishatuonya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sijui methali nyingine yoyote inayokaa juu ya hadithi hii kama kifuniko juu ya chungu chake, maana uzazi ulikuwepo kweli. Usiku ule ule wa furaha ndio uliomleta Maggie.

Ndoto aliyoifuata ilikuwa ndogo mno. Hakutaka utajiri, hakutaka jina. Alitaka kufanya kazi kwenye ukumbi wa bolingi, mchezo wa kuviringisha mpira ili kuangusha pini, kushughulika na viatu vya wateja na pini zinazoanguka. Watunzi wangeweza kumpa ndoto kubwa ya kijinga, ya kwenda mwezini au kuwa mwanamuziki, kama walivyofanya katika sehemu nyingine nyingi, nasi tungecheka na kusahau. Wakampa ndoto inayowezekana. Mshahara unatosha, kazi anaiweza, anaamka asubuhi akiwa na hamu ya kwenda. Tunamwona akiwa mtu mwingine kabisa, mwepesi, mkunjufu, anayetembea kama aliyetuliwa mzigo. Homer mwenye furaha isiyotoka kwenye chakula wala bia ni kitu adimu katika mfululizo huu, na hapa tunapewa kwa dakika chache tu.

Halafu Marge anagundua ana mimba, na anaogopa kumwambia.

Hapa ucheshi unafika kileleni, nami sitaki kuupita haraka. Tunaonyeshwa jinsi Homer alivyopokea habari za mimba mbili za kwanza: alikimbia huku akizing'oa nywele zake. Ndiyo maana ana upara. Marge anawaambia dada zake, Patty na Selma, kwa siri, nao wanahakikisha siri hiyo inafika kila pembe ya Springfield, mji wao. Mji mzima unajua isipokuwa mhusika. Moe, mwenye baa, anampongeza waziwazi kwa kumpa mkewe mimba, naye Homer anashukuru akidhani anasifiwa kwa kazi ya bolingi. Nyumbani kwake kuna sherehe ya zawadi za mtoto, na bado hajashtuka. Mwishowe jirani yake, Maude Flanders, anampongeza kwa kazi yake mpya, na hapo ndipo taa inawaka: kazi mpya? Marge ana mimba?

Nimecheka hapo miaka na miaka kabla ya kuona kilichofichwa. Maneno mawili yamepishana kichwani mwake. Akiambiwa mimba anasikia kazi, akiambiwa kazi anasikia mimba, kwa sababu katika maisha ya mtu huyu vitu hivyo viwili havijawahi kutengana. Kila mtoto alikuja na kazi yake, na hofu ya kazi ndiyo iliyokuwa hofu ya mtoto. Watunzi hawakutuhubiria hilo. Waliliweka ndani ya kichekesho likakaa.

Hata utangulizi wa kipindi unasema jambo lilelile. Kwa miaka mingi, kabla ya kila sehemu, Maggie alipitishwa kwenye mashine ya malipo dukani kwa bahati mbaya, na mashine ikasoma dola 847.63. Ni kiasi kilichotajwa kuwa gharama ya kumlea mtoto mchanga kwa mwezi mmoja Marekani wakati huo. Mtoto alikuwa na bei kabla hata hajafunguliwa mlango wa nyumbani.

Homer anajaribu kuiokoa ndoto yake. Anajisomea mambo ya masoko, kisha anatoka nje ya ukumbi na bunduki, anafyatua risasi hewani kuwaita wateja. Anaomba mshahara zaidi, lakini ukumbi hauna uwezo huo. Basi. Hakuna adui hapa, hakuna aliyemwonea. Hesabu imekataa, na hesabu ikikataa huna wa kumlaumu.

Safari ya kurudi kinuni ndiyo inayonishika koo. Kuna mlango maalumu kwa waombaji, mdogo, uko chini kabisa, na mtu mzima hawezi kuupita ila kwa magoti. Homer anaingia kwa magoti. Yule aliyepigwa kichwa kama ngoma sasa amekaa juu, anasubiri. Anamrudishia kazi, na juu yake anamwongezea kibao cha kumvunja moyo uliosalia, kipachikwe mbele ya meza yake akione kila siku ya kazi: "Don't forget: you're here forever", yaani "Usisahau: uko hapa milele."

Tazama uso wa Homer pale. Hatukani, hapigi kelele. Mtu yule ambaye kelele ndiyo lugha yake ananyamaza.

Kabla ya kufika kwenye kuzaliwa kwa Maggie ninayo manung'uniko, na nitayasema kwa sababu naipenda sehemu hii. Marge anabeba mimba hiyo akiwa na siri na woga, akiupima uso wa mumewe kila asubuhi, halafu hadithi haimuulizi hata mara moja yeye alikuwa akitamani nini. Homer ana ndoto ya kupoteza. Je, Marge? Julie Kavner, anayemwigiza Marge, anajitahidi kwa sauti yake, ukisikiliza vizuri utausikia uchovu ndani yake, lakini maandishi hayakumwachia nafasi. Hilo ni pengo, na picha ile maarufu ya ukutani hulificha zaidi, kwa kuwa hapo juu yuko mtoto tu. Nani alipiga picha zile zote? Sielewi kwa nini watu hawajiulizi.

Chumba cha kujifungulia hakichukui muda mrefu. Homer amesimama kando, amekunjamana, amekuja kwa sababu imempasa. Mtoto anapewa mikononi mwake, kidole chake kinashikwa na kiganja kidogo, na mambo yanageuka. Dan Castellaneta anaibadilisha sauti ya Homer kwa pumzi moja. Wangeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi njema ya kawaida.

Lakini watoto wanalirudia swali lao. Picha ziko wapi? Homer anajibu kwamba ameziweka mahali anapohitaji kuchangamshwa zaidi. Kamera inakwenda kinuni, na kibao kinaonekana. Picha za Maggie zimebandikwa juu ya herufi, nyingine zimefunikwa, nyingine zimeachwa, na zile zilizoachwa zinasomeka kwa Kiingereza "Do it for her", yaani fanya kwa ajili yake.

Mchezo huo wa herufi haufasiriki. Ukiandika kibao kile kwa Kiswahili, huwezi kufunika "usisahau: uko hapa milele" ukabaki na "fanya kwa ajili yake". Na Kiswahili kinaleta jambo lingine ambalo mimi nimelipenda. Kwa Kiingereza neno la mwisho linamtaja msichana, hakuna shaka. "Yake" yetu haisemi ni ya nani. Inaweza kuwa ya mtoto, ya mke, ya mtu yeyote uliyemwacha nyumbani ulipotoka. Labda ndiyo maana picha hii inawakaa vizuri hata wasio na watoto.

Sasa nirudi kwenye kinachoniuma. Nimeona picha ile ikitumiwa kuwahimiza wafanyakazi wavumilie, kana kwamba sehemu yenyewe inasema kazi mbaya ni sawa tu mradi una mtoto nyumbani. Haisemi hivyo. Ingetaka kusema hivyo isingetuonyesha ukumbi wa bolingi kwa upendo ule, wala isingemwingiza Homer kwa magoti. Tumeonyeshwa thamani kamili ya kilicholipwa. Kibao hakikung'olewa, misumari yake ipo, Burns hajabadilika, kinu ni kilekile. Chini ya kila picha ya Maggie kuna herufi ya kibao, na Homer anajua iko wapi kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeifunika, moja baada ya moja. Kazi hiyo ilihitaji mtu akae mbele ya tusi lake, alisome herufi kwa herufi, akipima hii ifunikwe, hii ibaki. Si kazi ya mtu aliyesahau uchungu wake.

Na Maggie hajui lolote. Huyu ni mtoto ambaye karibu hasemi kabisa katika mfululizo mzima. Katika "Lisa's First Word" neno lake la kwanza ni "baba", kwa sauti ya Elizabeth Taylor, na analitamka mlango ukiwa umeshafungwa, Homer amekwisha kutoka, hakulisikia. Ziweke sehemu hizo mbili pamoja. Baba anafanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya mahali ambapo mtoto haoni. Mtoto anamwita baba mahali ambapo baba hasikii. Hakuna kati yao aliyefanya ili aonekane.

Juzi niliitazama tena, safari hii na binti yangu, mara yake ya kwanza. Alicheka kwenye ngoma ya kichwani hadi akashuka kwenye kochi. Kwenye mlango mdogo alinyamaza. Kibao kilipotokea mwishoni, akaniuliza, "Baba, kwa nini asiking'oe tu?"

Nikamwambia hakuwa na ruhusa, kibao ni cha bosi.

Akafikiri. "Na picha? Picha ni za bosi?"

Nikasema hapana, picha ni za Homer.

Akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akasimamisha pale pale kwenye ukuta. Akainuka akaenda karibu kabisa na skrini, akaweka kidole juu ya picha moja, akajaribu kukisia ni herufi gani iliyo chini yake.