Kabati la Jikoni Si Mlango wa Nakshi

Lamu hii, ukitamka tu kwamba wataka kuyapaka makabati ya jikoni rangi nyeupe, utaona nyuso zinakunjwa. Utaambiwa mbao nyeusi ndiyo heshima ya nyumba, na kwamba mji ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 si wa kuchezewa. Mimi niko upande wa mwenye brashi.

Tuulizane: hilo kabati la ukutani lilikuja lini? Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, hazikujengwa nalo. Vyombo vya fahari vilipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nguo na vitu vya thamani vikatiwa makashani, na meko yakawa juu karibu na paa, moshi upate pa kutokea. Kabati lako ni la juzi, la plaiwudi, limepigwa vanishi nyeusi lijifanye mvule. Walinda urithi gani hapo? Na katika nyumba hizo, zenye kuta nene na vichochoro vyembamba, lipu nyeupe ya chokaa ndiyo inayosambaza kile kimwanga kidogo kinachoingia. Sisi tumeteremsha jiko chini, tukalijaza weusi, sasa mtu achagua mchele saa sita mchana na taa inawaka.

Ila fundi wa haraka haraka simtaki. Jikoni kwetu kuna mafuta ya kukaangia samaki, na rangi haishiki juu ya mafuta hata uipake mara ngapi. Ng'oa milango na bawaba, osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza, acha ikauke, kisha piga msasa mpaka ule mng'aro wa vanishi ufe. Pembeni mwa vishikizo, palipoganda jasho la vidole, osha mara mbili.

Halafu praima, ile rangi ya kwanza ya chini, na hapa ndipo wengi hubana pesa. Mkangazi na mbao nyingi nyeusi zina tanini, kemikali ya asili ya mti, nayo hupenya kwenye rangi ya maji ikatoa madoa ya manjano au kahawia. Ukiongeza koti juu yake, doa linapanda tena. Tumia praima ya mafuta ya kuziba madoa. Kwa koti za mwisho, fundi atakusukumia rangi nyeupe ya mafuta kwa kuwa ni ngumu na inaoshika. Kweli, lakini rangi hiyo hugeuka manjano pasipofika mwanga, na jiko lenye giza ndilo tunalolizungumzia! Chukua rangi ya akriliki ya maji ya kupaka mbao. Na usianze wakati wa masika. Kwa unyevu ule rangi huchelewa kukomaa, milango ikafungwa ikagandana.

Kama kabati ni la mvule au mbambakofi wa kweli, kazi ya seremala aliyejua kuunga mbao, usiliguse. Toa vanishi iliyochakaa, lipake mafuta, kisha upake ukuta badala yake.

Kwa rangi yenyewe, napendelea ya maziwa, ilingane na chokaa. Nyeupe ya hospitali inaumiza macho. Na vile vishikizo vya dukani vilivyochovywa rangi ya dhahabu, hapo hatutaelewana: chumvi ya bahari itavibambua. Nunua shaba, hata kama itabidi usubiri mwezi mwingine.