Longonot kwa Viatu vya Shemeji

Mpango haukuwa na kasoro. Nasema hivyo kwa sababu niliuandika mimi mwenyewe. Tunatoka Nairobi saa 11 alfajiri, kabla malori hayajajaza barabara ya Mai Mahiu. Tukifika lango la Mlima Longonot, tunapanda kilomita 3 na ushei hadi ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, tunauzunguka ukingo wenyewe kilomita 7.2, kisha tunashukia tulikopandia. Huko kwenye mzunguko ndiko kiliko Kilele Ngamia, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Waliotangulia walisema ni safari ya ugumu wa wastani. Wastani wa nani, hawakusema.

Nikatoa na orodha: maji ya kutosha, kofia, koti la upepo, kiingilio kwenye simu maana langoni noti hazipokelewi. Na "viatu imara vya mlimani". Hivyo sikuwa navyo, ila shemeji alijitolea.

"Mimi ninavyo vya Ujerumani kabisa," akasema. "Nimevivaa mara mbili tu."

Akajipenyeza mvunguni mwa kitanda, akatoka na utando wa buibui kichwani na buti mbili zinang'aa. Hakuna aliyeuliza zimelala humo tangu lini.

Shangazi hakuwa kwenye mpango. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, na aliposikia habari za mlima akasema naye atakuja kupunga upepo. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba huko ni kupanda volkano, si kutembea ufukweni Mama Ngina jioni. Akanitazama kwanza.

"Mwanangu, mimi nimezaa sita. Wanitisha na kilima?"

Basi akaja: dera, makubadhi, mkoba, na doti ya leso mpya kutoka Biashara Street, kwa kuwa huko bara kuna baridi.

Chini pale kuna pundamilia na harufu ya vichaka vya leleshwa, na mtu unajiona shujaa. Halafu mlima unaanza. Njia yenyewe ni majivu ya volkano. Mvua imeichimba makorongo, na kila hatua inakurudisha nusu yake huku vumbi likikuingia puani. Sisi vijana wa ofisini tulikuwa tunasimama kila mara "kupiga picha". Shangazi hakusimama. Alikwenda mwendo wake uleule wa kutoka sokoni, makubadhi yakilia kwap, kwap, na tulipofika ukingoni tulimkuta ameshakaa kwenye jiwe, anamenya chungwa.

"Huko chini kwenye msitu aishi nani?" akauliza, akichungulia ndani ya kreta.

"Nyati, shangazi."

"Hao nao wapandia wapi?"

Kufikia hapo mpango wangu ulikuwa unakwenda vizuri. Ni kwenye mwinuko wa mwisho wa Kilele Ngamia, mahali pa kutambaa kwa mikono na magoti, ndipo nilipohisi mguu wa kulia umekuwa mwepesi. Nikageuka. Soli yangu ilikuwa imebaki nyuma, imelala peke yake njiani. Nikaipigia hatua kuifuata, na ya kushoto nayo ikafunua mdomo kama samaki aliyetolewa majini, ikafunga, ikafunua, ikaachia. Kilichobaki chini ya nyayo zangu ni kitu cheusi kinachomomonyoka ukikigusa.

Mwenzetu mmoja anayejua mambo ya viatu akatoa mhadhara palepale, upepo unataka kututupa kwenye kreta. Buti nyingi za kisasa, akasema, zina tabaka la povu ndani ya soli. Likikaa miaka bila kukanyagwa, unyevu wa hewa unalila taratibu hadi linakuwa makombo. Kwa hiyo buti la mlimani linakufa kwa kupumzika. Nilimshukuru kwa elimu hiyo.

Tulijaribu plasta, haikushika vumbi. Tulijaribu kamba za kofia, zikakatika. Shangazi akatazama, akaguna, akafungua mkoba akatoa leso moja ya ile doti.

"Shangazi, hapana. Hiyo mpya."

"Nyamaza, leta mguu."

Akaushika upindo kwa meno, akapasua kipande kirefu chenye jina, ile methali ya leso, akakigawa mara mbili. Alinifunga mwenyewe, kwa mafundo ya mtu aliyewahi kufunga mizigo ya meli, na akahakikisha maandishi yamekaa juu. Mguu wa kulia: MTAKA CHA MVUNGUNI. Wa kushoto: SHARTI AINAME.

Kileleni nilifika. Kwenye picha yangu pale kwenye kibao kichwa hakipo. Shangazi alisema miguu ndiyo muhimu.

Tulipoanza kumalizia mzunguko, tukapishana na watoto wa shule waliokuwa wakizunguka kwa upande wa pili. Njia ya ukingoni ni nyembamba, ilibidi nijibanze pembeni wapite, na kila aliyenifikia aliinama kusoma. Wa kwanza akasoma kimya. Wa pili akasoma kwa sauti. Kufikia wa kumi walikuwa wanasoma kwa pamoja, darasa zima, na mwalimu wao, badala ya kunihurumia, akaona kipindi kimejileta.

"Haya, nani atatueleza maana ya methali hii?"

Mkono ukanyooshwa, wa kijana mdogo mwenye kofia kubwa.

"Mwalimu, ukipewa viatu, uiname kwanza uangalie soli."

"Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Shangazi naye akapiga.

Kushuka sitakusimulia, kwa sababu sehemu kubwa sikushuka kwa miguu. Langoni askari wa hifadhi akatazama leso, akanitazama usoni, akauliza zile soli ziko wapi, maana mlimani hakuachwi taka. Nikaanza kujitetea. Shangazi akafungua mkoba, akazitoa zote mbili, zimefungwa vizuri kwenye mfuko pamoja na maganda ya machungwa.

Jioni ile nilimrudishia shemeji mali yake. Akazipokea zile buti, akazigeuza juu chini, akapitisha kidole mahali palipokuwa na soli, akanyamaza kitambo.

"Lakini kamba," akasema, "kamba bado ni nzima."