Rubela: tumpime mama, au tumpime mtoto?

Tanzania ilipoanza kuchanja surua na rubela (ugonjwa wa virusi unaoleta vipele na homa kidogo) kwa sindano moja mwaka 2014, kampeni ililenga watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Waliokuwa wameshavuka umri huo hawakuguswa, na baadhi yao ndio wajawazito wa leo. Kwa hiyo wanaotaka kila mjamzito apimwe rubela, kama anavyopimwa kaswende na VVU, wana hoja nzito. Virusi hivi vikimpata mama katika wiki 12 za mwanzo, uwezekano wa kumdhuru mtoto hufikia asilimia 90: mtoto wa jicho, uziwi, kasoro za moyo. Mama mwenyewe huenda asione hata kipele.

Nilikuwa upande huo. Kilichonitoa ni kipimo chenyewe. Kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu) aina ya IgM huashiria maambukizi mapya, lakini kwa mama asiye na dalili wala hajakutana na mgonjwa, jibu la "chanya" mara nyingi si la kweli. IgM huweza kudumu miezi kadhaa baada ya ugonjwa au chanjo, na virusi vingine huweza kulivuruga jibu. Kisha kaswende ina penisilini. Rubela haina dawa, na chanjo yake haitolewi kwa mjamzito. Anayeambiwa "una rubela" akiwa na mimba ya miezi miwili anaweza kuamua jambo lisilorudishika kwa sababu ya karatasi moja. Uingereza iliacha kuwapima wajawazito wote mwaka 2016.

Wapo watakaosema kipimo cha IgG, kingamwili zinazoonyesha kinga ya kudumu, kingeonyesha nani achanjwe akishajifungua. Ni kweli, ila huyo anaweza kuchanjwa bila kupimwa, na chanjo haimdhuru aliye na kinga tayari.

Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti kabisa. IgM ya mama haivuki kondo la nyuma, hivyo ikikutwa kwenye damu ya kichanga mwenye mboni nyeupe au moyo wenye kasoro, ni yake mwenyewe. Fedha za vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ningezipeleka huku, na mapema: IgM hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na akishachomwa chanjo ya miezi 9, kingamwili zake hazitufafanulii tena lolote. Tena kichanga huyo hutoa virusi kwenye mate na mkojo hata mwaka mzima, na miongoni mwa wanaokuja kumpa mzazi hongera na kumpakata mtoto, wapo wenye mimba changa.