Mshipi Unaovuliwa Kaunta

Aliyewahi kuwekwa ndani katika kituo cha polisi nchini Kenya anaijua ile kaunta. Simu weka hapa, mifuko mwaga hapa, vua mshipi, vua kiatu kimoja. Askari anaandika jina lako kwenye OB, kile kitabu kikubwa cha matukio, kisha unaonyeshwa mlango wa seli. Ukiuliza mshipi unavuliwa wa nini, utaambiwa: usije ukajinyonga nao. Nimeufikiria sana mshipi huo tangu Juni 2025. Serikali inapomvua mtu mshipi, imekiri kwa kitendo kwamba kuanzia saa hiyo uhai wake uko mikononi mwake, na kwamba itaulinda hata dhidi ya mwenyewe.

Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31 aliyekuwa akiandika pia mitandaoni, alikamatwa Jumamosi tarehe 7 Juni 2025 nyumbani kwa wazazi wake, kaunti ya Homa Bay. Chanzo kilikuwa machapisho kwenye X yaliyodaiwa kumharibia jina Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alipitishwa kituo cha Mawego, kisha akasafirishwa zaidi ya kilomita 350 hadi Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi, kana kwamba Homa Bay hakuna seli wala hakimu. Baba yake naye akafunga safari, amebeba hati ya shamba lake ili aiweke dhamana mwanawe aachiliwe. Alipofika Nairobi Jumapili, mwanawe alikuwa ameshafariki.

Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Siku chache hazikupita, upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na michubuko mwilini, dalili za mtu aliyepigwa. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile. IPOA, mamlaka ya kiraia inayosimamia utendakazi wa polisi, ikabaini kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umechezewa. Watu sita, watatu kati yao polisi, wakashtakiwa kwa mauaji, nao wakakana. Nani alifanya nini ni kazi ya mahakama. Linaloniuma mimi ni ile taarifa ya kwanza, kwa sababu si mara yetu ya kwanza kupewa taarifa ya namna hiyo.

Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, wenye miaka 22 na 19, walikamatwa usiku kwa kuvunja kafyu ya korona. Familia iliwakuta mochari. Tukaambiwa waliruka kutoka kwenye gari la polisi likiwa mwendoni. Mei 2012, Mwingereza Alexander Monson alifariki baada ya kuzuiliwa Diani. Tukaambiwa ni dawa za kulevya. Uchunguzi wa mahakama ulikuja kusema alikufa kwa kipigo, na polisi wanne wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2021. Miaka tisa! Na familia ile ilikuwa na uwezo wa kulisukuma jambo.

Hata hivyo, polisi wana hoja, na anayeipuuza hajakaa kituoni usiku. Si kila anayefia seli ameuawa. Wapo wanaoletwa wakiwa tayari wamechakazwa na raia kwa tuhuma za wizi, damu ikiwatoka masikioni. Wapo waliokunywa pombe haramu, wapo wenye kifafa au kisukari ambao hakuna aliyejua. Wapo wanaojiua kweli. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, maana yake mtu aliyetolewa kamba shingoni leo angeweza kesho kufungiwa kwenye chumba cha giza badala ya kupelekwa kwa daktari. Afande wa kaunta si muuguzi, na mara nyingi zamu ya usiku ni yake na mwenzake mmoja. Hata makazi yake yanasikitisha. Kamati ya mageuzi ya polisi, ya Jaji Mstaafu David Maraga, ilieleza hayo kirefu mwaka 2023.

Nayakubali yote hayo. Lakini yakipimwa vizuri, yanaongeza mzigo wa kituo, hayaupunguzi. Kama kaunta haina muuguzi, basi mtu anayevuja damu asipokelewe seli, apelekwe hospitali kwanza. Kama seli ni ndogo, mlevi wa Ijumaa aachiliwe kwa dhamana ya polisi badala ya kulundikwa na wenzake hadi Jumatatu korti ifunguliwe, ule mtindo ambao Wakenya wanauita Kamata Kamata Friday. Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 linataka mahabusu apate mwanga wa kutosha, choo na mahali pa kunawa, na watoto watengwe na watu wazima. Ndoo iliyojaa pembeni mwa chumba kisicho na dirisha ni uvunjaji wa sheria, wala haihitaji mtu apigwe ndipo iwe kosa.

Mwezi uleule Ojwang alipofariki, IPOA ilisema vifo 20 vilikuwa vimetokea katika vituo vya polisi kwa miezi minne. Kati ya hivyo vimo bila shaka vya maradhi na vya kujiua. Tatizo ni kwamba hatuwezi kuvitenganisha kwa imani, maana anayetueleza chanzo ndiye aliyekuwa na ufunguo. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Makoroni, yaani wachunguzi wa vifo vyenye utata, mwaka 2017 ili kifo cha namna hii kichunguzwe na ofisi isiyo ya polisi. Miaka minane baadaye, Ojwang akilazwa mochari, ofisi hiyo ilikuwa haijaanza kazi.

Ningependa kituo kilichopoteza mtu kinyang'anywe haki ya kueleza amekufaje. Wapo watakaosema kimya huzaa uvumi, na uvumi huchoma vituo. Kweli, Mawego kilichomwa moto mwanzoni mwa Julai, mwili uliporudishwa nyumbani kwa maziko. Ila watu wale hawakukasirishwa na kimya. Walikuwa wamepewa maelezo, tena ya haraka, na wakajua ni ya uongo.

Kituo kiseme kile tu kilichoandikwa: mtu huyu aliingizwa kwenye OB saa fulani, akiwa katika hali hii, alionwa na afisa huyu, alipelekwa hospitali saa fulani, na chanzo cha kifo kitatajwa na daktari baada ya upasuaji. Kisha kitabu na kamera vikabidhiwe IPOA siku hiyohiyo. Hayo yangeweza kusemwa pale kaunta Jumapili ile, kwa mzee aliyekuwa amesimama na hati ya shamba mkononi.