Filamu ya Maajabu Hungoja Bamvua

Katika filamu fupi ambayo nimekuwa nikishiriki kuitengeneza kwenye kijiji kimoja cha wavuvi kusini mwa Tanga, kuna binti anayeitwa na mama yake wa kijini kutoka baharini, naye anatoka nyumbani alfajiri na kutembea juu ya maji mpaka anapotoweka. Kwenye mwongozo wa filamu tukio hilo lina mistari miwili tu. Kulipiga picha kulituchukua karibu mwezi mzima, na mwezi huo ulinibadilisha mawazo kuhusu kile kinachozikwamisha filamu zetu za maajabu, zile ambazo wengine huziita fantasia. Nilikuwa nikiamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba tatizo letu ni fedha. Sasa naona kwamba fedha ni tatizo la pili. La kwanza ni haraka, na jambo la kushangaza ni kwamba mtengenezaji huru, yaani yule asiye na kampuni kubwa nyuma yake wala tarehe ya kutoa filamu aliyopangiwa na mtu mwingine, ana muda mwingi kuliko anavyojua.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa la haraka. Tulitundika kitambaa cha kijani kati ya minazi miwili nyuma ya nyumba tuliyopanga, tukamwambia binti atembee mbele yake, kisha mhariri aliyekuwa Dar es Salaam akapewa kazi ya kuondoa kijani na kuweka bahari. Upepo wa kusi ulikuwa ukikipuliza kitambaa kikajaa mikunjo, na kila mkunjo ukawa na kivuli chake, jambo lililomsumbua mhariri vya kutosha. Lakini kosa kubwa lilikuwa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimamia mavazi. Nilimfunga binti kanga yenye pindo la kijani. Kompyuta ilipoambiwa iondoe kila kilicho kijani, iliondoa na pindo lile pia, na kwenye kioo tukamwona binti wa jini akielea baharini akiwa na kichwa, kifua na miguu, ila kiuno hana. Gharama ya kusafisha picha hizo, tuliyoambiwa na fundi mwingine, ilizidi fedha zote tulizotenga kwa chakula na nauli.

Mzee mmoja mvuvi, ambaye alikuwa akitutazama siku zote hizo akiwa anashona wavu wake bila kutia neno, ndiye aliyetuuliza tunatafuta nini hasa. Tulipomweleza, hakucheka. Alisema, "Mnataka atembee juu ya maji? Basi wanangu, rudini mwezi ukiandama, mje hapa kabla ya saa nne asubuhi." Alikuwa akizungumzia bamvua, yale maji makubwa yanayokuja mara mbili kwa mwezi, wakati mwezi unapoandama na wakati unapokuwa mpevu, ambapo bahari hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hufikia mwisho wa kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mbele ya kijiji kile kuna fungu la mchanga ambalo siku za maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana, huwezi kujua kuwa lipo. Siku ya bamvua fungu hilo hupanda hadi karibu na uso wa bahari, likabaki na maji membamba juu yake, na pande zote mbili kuna kina kirefu cha buluu. Mtu akitembea pale, maji hayamfiki hata kwenye vifundo vya miguu, na kamera ikiwekwa chini, karibu kulingana na maji, haina namna ya kuona kwamba chini ya nyayo zake kuna ardhi.

Bamvua la kwanza tulilipoteza. Tulifika ufukweni saa nne na nusu kwa sababu betri za kamera zilisahauliwa mjini, tukajipanga mpaka karibu saa tano, na maji yakawa yamekwisha kugeuka. Binti alitembea yakimfika magotini, na katika picha alionekana kama mtu anayekwenda kuchokoa pweza. Tukaondoka, tukangoja nusu mwezi. Mara ya pili tulikuwa tumelala kijijini, kamera ilikuwa imesimama mchangani tangu saa tatu, na tulipata takriban nusu saa ya kazi kabla mchanga haujaanza kupotea. Katika nusu saa hiyo binti alitembea mara sita. Mara ya nne wingu dogo lilipita mbele ya jua, mng'ao wa maji ukazimika kwa sekunde chache kisha ukarudi akiwa mbali kabisa, na hakuna mtu yeyote miongoni mwetu ambaye angeweza kuliandika tukio hilo kwenye mwongozo. Hiyo ndiyo picha tuliyoichagua.

Nisieleweke vibaya kwamba sisi ndio tuliogundua jambo hili. Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua ni The Fall, filamu ya mwongozaji Tarsem, mzaliwa wa India, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2006. Tarsem alikuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza matangazo ya biashara, na filamu hii aliigharamia kwa sehemu kubwa kutoka mfukoni mwake. Aliipiga picha kwa muda wa takriban miaka 4 katika nchi zaidi ya 20, na siri ya hesabu hiyo ni kwamba alipopata kazi ya tangazo katika nchi fulani, alitumia safari hiyohiyo kupiga tukio moja au mawili ya filamu yake. Ngazi za kisima cha kale cha Chand Baori kule Rajasthan, vilima vyekundu vya mchanga vya Namibia, tembo anayeogelea baharini, vyote hivyo ni vitu vilivyopo, na mtazamaji huvishangaa kuliko ambavyo angeshangaa jumba lililochorwa na kompyuta, kwa sababu jicho hujua, hata mwenye jicho asipojua kwamba linajua.

Najua jibu litakalokuja: Tarsem alikuwa na fedha zake, na mavazi ya filamu ile yalibuniwa na Eiko Ishioka, mbunifu Mjapani ambaye si kila mtu angeweza kumwajiri. Ni kweli. Lakini sehemu ninayoipenda zaidi katika filamu hiyo haina tembo wala jangwa. Ni chumba cha hospitali, ambako mgonjwa kijana aliyelazwa anamsimulia hadithi mtoto wa kike aliyevunjika mkono. Sehemu hizo zilipigwa Afrika Kusini, na zilitangulia kupigwa kwa sababu mtoto hukua. Catinca Untaru, aliyeigiza mtoto huyo, alikuwa Mromania mdogo ambaye Kiingereza chake kilikuwa bado cha kubabaisha. Mwongozaji aliwaacha watu karibu wote kazini waamini kwamba mwigizaji Lee Pace hawezi kutembea kweli, na mtoto pia akaamini hivyo. Kisha kitanda kikazungushiwa pazia, likatobolewa matundu, na kamera ikachungulia kutoka nje ili mtoto asahau kwamba anatazamwa. Pale mtoto alipoelewa neno vibaya, kosa lake liliachwa liingie kwenye hadithi na kuigeuza. Tundu kwenye pazia halina bei. Kilicho na bei ni subira ya kukaa nyuma ya pazia hilo mpaka mtoto aseme jambo ambalo hukulitarajia.

Karibu na kwetu kuna filamu ya Neptune Frost, iliyoongozwa na Saul Williams na Anisia Uzeyman na kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 2021. Hadithi yake imewekwa Burundi, lakini machafuko ya mwaka 2015 yaliwafanya waende kuipigia Rwanda, na baadhi ya waigizaji wake walikuwa Warundi waliokuwa wakimbizi huko. Ndani yake utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakati mwingine watu wawili wakijibizana kila mmoja kwa lugha yake, kama inavyotokea katika stendi yoyote ya mabasi ya Maziwa Makuu. Mavazi yake yalitengenezwa na msanii wa Rwanda, Cedric Mizero, kwa kutumia nyaya, vibonye na mabaki mengine ya kompyuta zilizotupwa. Kwa mtu wa mavazi kama mimi, filamu hiyo ni darasa: kitu ambacho mtu mwingine angekiona takataka kimeshonwa kwa uvumilivu mpaka kikawa vazi la mtu wa ulimwengu mwingine, na kila ukikitazama kwa karibu unaona mkono wa fundi. Wazo lenyewe lilikaa na watengenezaji kwa miaka mingi, likapita kwenye muziki na mipango ya jukwaani, kabla ya kuwa filamu. Muda, kwa hiyo, si lazima uwe wingi wa siku za kupiga picha. Unaweza kuwa miaka ya kulipika wazo kabla kamera haijawashwa.

Sasa tazama hali yetu. Filamu za majini na mizimu hatukuanza kuzitengeneza jana. Mwongozaji Mussa Banzi alikuwa akizitoa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na filamu yake ya Shumileta ilizungumzwa mitaani kwa muda mrefu. Mtazamaji wetu pia ni hazina ambayo mtengenezaji wa Ulaya hana, kwa maana hahitaji kuelezwa jini ni nini. Ukimwonyesha mwanamke mzuri barabarani usiku, kisha ukainamisha kamera polepole kuelekea miguuni, ukumbi mzima umeshajua kuna kwato kabla hujafika. Lakini katika enzi ya kanda na santuri za video, wengi walizoea kumaliza filamu kwa wiki moja au mbili kwa sababu msambazaji alilipa mara moja tu na alitaka nyingine upesi. Soko hilo limekufa kwa sehemu kubwa. Haraka yake haikufa nalo. Imehamia YouTube, ambako jini wa wiki hii lazima apatikane wiki hii. Ndiyo maana tunaendelea kuona macho mekundu ya kubandika, radi ileile iliyopakuliwa mtandaoni, na moshi wa kompyuta ambao haujawahi kumkohoza mtu yeyote. Udi na ubani vinauzwa duka la jirani. Washa chetezo, mweke mwigizaji karibu nacho, subiri moshi uingie kwenye mwanga wa dirisha, na hutahitaji kumwomba mhariri chochote.

Wenzangu waliposoma rasimu ya makala haya walinikumbusha kwamba subira nayo hula, na wana haki. Tulikuwa watu tisa, na watu tisa wanaongoja bamvua wanahitaji chai asubuhi, wali mchana na mahali pa kulala. Binti aliyeigiza alikuwa na mitihani. Mpiga picha ana kazi ya harusi kila Jumamosi, na harusi ndiyo inayomlipia kodi ya nyumba. Kwa hiyo hatukukaa kijijini mwezi mzima. Baada ya bamvua la kwanza kila mtu alirudi kwenye shughuli zake, na mara ya pili tulikwenda watano tu, waliohitajika kwa tukio lile. Kalenda ya mwezi ndiyo iliyotupangia ratiba, na gharama yake ikawa nauli za mabasi, ambayo ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ile tuliyotajiwa kwa kazi ya kompyuta. Nusu mwezi ule haukupotea pia. Fundi wetu wa sauti aliutumia kurekodi bahari ya usiku, milio ya ngalawa zinapogongana zikiwa zimetia nanga, na mzee yuleyule mvuvi akiita mashua kwa sauti ya kuvuta. Sauti hiyo, ikipunguzwa kasi kidogo, ndiyo mama wa kijini anayemwita binti yake. Mzee alipoisikia kwenye spika ndogo alinyamaza kidogo, kisha akasema hakujua kwamba anatisha kiasi hicho.

Tumebakiza tukio la mwisho, ambapo binti anarudi kutoka baharini usiku akiwa si yule aliyeondoka. Siku ileile ya bamvua la mwezi mpevu tulirudi kwenye fungu saa nne usiku, tukakuta maji yamekupwa vilevile kama asubuhi, na mbalamwezi imelala juu yake kiasi kwamba tuliweza kuona nyayo zetu. Kwa macho palikuwa na kila kitu tulichohitaji. Kamera yetu haikuona kitu isipokuwa chenga. Kuna kamera nyingine, yenye uwezo mkubwa zaidi katika mwanga hafifu, ambayo tumeahidiwa kuazimwa kwa siku mbili, na mwenye nayo ameuliza tunaitaka tarehe ngapi. Tumemtajia siku ya mwezi mpevu ujao. Amesema siku hiyo ana harusi, basi tumemwomba ya mwezi unaofuata, na kanga ya binti nimeshaifua na kuihifadhi. Haina kijani.